Jioni isiyo na mwenyewe: uchambuzi wa kisa cha mama mfanyakazi jijini Mbeya

Kisa hiki ni cha familia moja ya Mbeya mjini. Majina, mahali pa kazi na mengine yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa au kubadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya washauri wa familia, viongozi wa vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) na wazazi wanaotaka kuona jinsi mpango wa tabia za kila siku unavyotengenezwa, unavyovunjika, na unavyotengenezwa tena.

## Mazingira

Mama T. ni mhasibu wa shirika moja katikati ya jiji. Ana miaka thelathini na kitu na watoto watatu: wa kiume wa miaka tisa aliye darasa la nne, wa kike wa miaka sita aliye darasa la kwanza, na kitinda mimba wa miaka miwili. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, Dar es Salaam hadi Tunduma na kuvuka mpaka. Nyumbani anaonekana siku tano au sita kwa mwezi, nazo hazifuatani. Yupo pia dada wa kazi, binti wa miaka 19.

Nyumba ipo upande wa Uyole, ofisi upande wa pili. Anayeijua Mbeya anajua maana yake. Jiji limelala kando ya barabara moja kuu, ile ya TANZAM, na malori yanayokwenda Zambia na Kongo yanapita humohumo wanamopita bajaji, daladala na watoto wa shule. Siku nyepesi Mama T. hufika nyumbani kwa dakika 40. Lori likikwama katikati ya njia, ni saa moja na nusu, na konda hana la kumwambia mtu.

Kuna jambo la pili ambalo wageni hulisahau. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mwezi wa sita na wa saba usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na mtoto haogeshwi kwa maji ya bomba. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo sufuria ya maharage inakula gesi kuliko ingekuwa pwani. Maji ya kuoga na maharage: vitu hivyo viwili vitarudi.

Alipokuja kwa mshauri alitaka ratiba. Maneno yake yalikuwa haya: "Watoto wangu wananiona kila jioni, ila mimi siwaoni."

## Wiki ya daftari

Kabla ya ratiba yoyote, aliombwa aandike siku saba. Kijidaftari cha mfukoni, safu nne: saa, jambo alilofanya, aliyemwita, na herufi moja. A iliandikwa pale alichomwambia mtoto kilipokuwa amri (vaa, kaa, maliza, nyamaza). M iliandikwa pale yalipokuwa maongezi. Sharti lilikuwa kuandika palepale jambo linapotokea. Anayengoja mpaka kitandani huandika siku aliyotamani iwe.

Jumanne yake ilikuwa hivi. Alifika saa 1:10 usiku, watoto wakubwa wakalala saa 3:30. Katikati hapo ni saa mbili na dakika 20. Jikoni zilikwenda dakika 45. Kuchemsha maji na kuogesha watatu, dakika 40. Kazi za shule za darasa la nne, dakika 25. Nusu saa iliyobaki iliraruka vipandevipande: soksi iliyopotea, simu, daftari lisilo na jalada, simu tena. Yeye mwenyewe alilala saa 5:20. Herufi A zilikuwa 34. M zilikuwa tatu.

Kipimo kingine alipewa mtoto wa kwanza kama mchezo wa jioni tatu tu. Kila mama akishika simu, mtoto atie punje moja ya haragwe kwenye glasi iliyo mezani. Jioni ya kwanza, ilipofika saa 3 kasoro robo, Mama T. alizimwaga mezani akazipanga kumikumi kama anavyopanga risiti. Zilikuwa 23. Akazihesabu upya.

Alipopitia simu kuona punje zile zilitoka wapi, nyingi hazikuwa za starehe. Zilikuwa za kundi la ofisi la WhatsApp, ambamo meneja alizoea kuuliza mambo saa 2 usiku, na za kikoba ambacho yeye ni mweka hazina. Kwa maneno mengine, saa zake za jioni kila mtu alikuwa na haki nazo isipokuwa waliokuwa chumba kimoja naye.

## Mpango wa kwanza na siku tisa zake

Daftari lilikuwa limeonyesha kidole kati ya saa 1 na saa 3:30 usiku. Hata hivyo mpango wa kwanza ulikwenda kutafuta muda alfajiri. Mama T. alikuwa amesikia mara nyingi, kwenye semina na kwenye video za mtandaoni, kwamba watu wanaoishi kwa kukusudia huamka kabla ya jua, na mshauri akakubali kwa sababu mteja alikuwa na ari. Lilikuwa kosa la mshauri kabla halijawa la mteja.

Mpango ulitaka aamke saa 10 alfajiri: sala, mazoezi dakika 20, kurasa kumi za kitabu, kuandika malengo. Juu yake kulikuwa na ratiba ya nyumba nzima yenye vipengele 14, imeandikwa kwa kalamu za rangi na kubandikwa kwenye mlango wa friji.

Ulikufa siku ya tisa. Kwanza, kulala hakukusogezwa. Anayelala saa 5:20 akaamka saa 10 amelala saa nne na dakika 40, wakati mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mara mbili alisinzia kwenye daladala akapitishwa kituo. Ofisini aliingiza 45,000 mahali pa 54,000, akatafuta tofauti ya 9,000 mchana mzima. Kwa mhasibu hii ni aibu ya pekee, maana tofauti inayogawanyika kwa tisa ndiyo ishara ya kwanza ya tarakimu zilizogeuzwa, na siku nyingine angeigundua kwa dakika tano.

Pili, kitinda mimba analala naye kitanda kimoja kwa sababu ya baridi. Mama akitoka, joto linatoka naye. Kufikia saa 10 na robo mtoto alikuwa amekaa katikati ya kitanda analia, na saa ya sala na kitabu ikageuka saa ya kubembeleza gizani.

Tatu, vipengele 14 vilikuwa vimefungamana. Kimoja kikianguka, vyote vinahesabiwa vimeanguka. Ratiba ilibanduliwa na mtoto wa kati, aliyeona nyuma yake pana nafasi nzuri ya kuchora.

## Mpango wa pili

Safari hii ilikubaliwa kwamba hakuna tabia mpya itakayotafutiwa saa yake. Kila moja itafungwa kwenye jambo ambalo lingetokea hata hivyo. Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameandika sana juu ya mipango ya namna hii, ya "likitokea hili, nitafanya lile". Kiswahili kimeshairahisishia kazi kwa silabi moja, -ki-. Nikivua viatu, simu inaingia kikapuni. Sentensi ikiwa haikubali -ki- hiyo, mara nyingi ni nia njema tu ambayo haijapata mahali pa kushika.

Kikapu. Kikapu kidogo cha ukili kilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa sebuleni, usawa wa bega, mtoto wa miaka miwili asikifikie. Nikivua viatu, simu inaingia. Inatoka watoto wakishalala. Haizimwi wala hainyamazishwi, na hapa wengi hukosea. Mwenye mume barabarani akizima simu atakuwa anainuka kila dakika tano kuangalia kama hakuna kilichotokea. Mume alipewa mlio wake peke yake. Mlio huo ukisikika, simu inapokelewa. Sauti za meseji zilizimwa, za kupigiwa zikaachwa.

Kwa meneja wake, ambaye ni mkubwa kwake kwa umri, alituma ujumbe huu: "Shikamoo. Kuanzia Jumatatu, kati ya saa 1 na saa 3 usiku nitakuwa sisomi meseji. Kukiwa na dharura naomba unipigie, nitapokea. Mengine nitayajibu saa 3:15 usiku au asubuhi saa 2 kamili." Ujumbe una heshima, haulalamiki, hauombi ruhusa, unaacha mlango wa dharura wazi na unataja saa ya jibu. Wiki ya kwanza meneja alipiga mara mbili. Wiki ya pili hakupiga kabisa. Inaelekea mambo mengi huwa ya dharura kwa sababu kuandika ni rahisi kuliko kupiga.

Kikapu kilivunjika kwa njia ambayo hakuna aliyeiwaza: LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Jumatano moja umeme ulikatika saa 1:40, simu ikatolewa kununua, na ikarudi kikapuni dakika 23 baadaye kwa kuwa meseji za kundi zilikuwa zimejipanga juu ya skrini. Dawa ilikuwa kununua umeme Ijumaa mchana akiwa ofisini, na dada kutazama mita kila asubuhi. Zikibaki chini ya uniti 10, anasema kabla mama hajatoka. Kikoba nacho kiliambiwa kwamba marejesho yanaingizwa daftarini Jumamosi peke yake, na kikakubali bila neno.

Mkeka. Nikishatia simu kikapuni, nakaa mkekani. Dakika 15, kabla ya jikoni na kabla ya kubadili nguo. Sehemu hii ya kutobadili nguo ilibishaniwa. Lakini daftari lilionyesha kwamba akiingia chumbani kubadili, anakuta nguo zilizoanuliwa hazijakunjwa, anazikunja, na mkeka unasahaulika. Dada huacha chai kwenye chupa na vikombe vitatu.

Maswali ya alama za shule hayaruhusiwi ndani ya dakika hizo. "Umepata ngapi?" linajibiwa kwa namba, na maongezi yameisha. Badala yake aliuliza, "Leo nani kakuchekesha?" Siku tatu mtoto wa kwanza alijibu, "Hakuna." Siku ya nne alisimulia habari ya mwalimu aliyekalia chaki akazunguka darasa zima na alama nyeupe suruali yote, na akaigiza mwendo wake. Wa kati alileta kitabu. Anasoma kidole kikitembea chini ya silabi, na kila anapokwama hutazama uso wa mama kabla ya kutazama neno. Kazi ya mama ilikuwa moja, nayo si nyepesi: kunyamaza mpaka mstari uishe.

Maji ya kuoga. Ukiniuliza badiliko lipi lilifanya kazi kubwa kuliko yote, ni hili, ingawa si tabia ya mama kabisa. Watoto walikuwa wanaogeshwa saa 2 usiku kwa mazoea tu, kwa sababu "mama ndiye anayeogesha". Kuoga kulihamishiwa saa 10:30 jioni, jua likiwa bado ukutani na maji yakiwa yanahitaji kupashwa tu, si kuchemshwa. Dakika 40 za usiku zikarudi. Mtoto wa miaka tisa anajiogesha mwenyewe. Alikuwa anaogeshwa kwa sababu ya haraka, maana akijiogesha anachelewesha foleni.

Maharage ya Jumapili. Kilo 2 za maharage makavu hulowekwa Jumamosi saa 2 usiku kwa maji mara tatu ya kipimo chake. Asubuhi maji yanamwagwa, yanaoshwa, yanapikwa kwa sufuria ya presha ya lita 8, kilo moja kwa mkupuo. Maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, la sivyo povu huziba tundu la mvuke. Tangu mluzi uanze kupiga, dakika 20 hadi 25. Kilo 2 kavu hutoa kilo nne na nusu hivi zilizoiva, zinazogawanywa makopo manne mapana: mawili kwenye friji kwa Jumatatu na Jumanne, mawili kwenye friza kwa Alhamisi na Ijumaa. La friza linashushwa kwenye friji usiku wa kuamkia siku yake. Jumatano ni dagaa, mayai au chochote, maana hakuna anayekula maharage siku tano akafurahi.

Yanahifadhiwa meupe, pamoja na rojo yake. Kitunguu, nyanya na nazi huwekwa siku ya kuliwa, kwa kuwa yaliyoungwa, hasa ya nazi, huchacha mapema. Wiki ya kwanza hata hayo meupe yalichacha. Yalikuwa yamewekwa yote ya moto kwenye ndoo moja ya lita tano, na kufikia Jumanne katikati yalinuka wakati juu yalikuwa mazima. Chombo kirefu hupoa pembeni, katikati pakabaki vuguvugu kwa saa nyingi. Sasa yanatandazwa kwenye beseni mpaka moto uishe, kisha yanaingia kwenye makopo kwa kimo cha vidole vitatu, yote ndani ya saa mbili. Jikoni Jumatatu usiku sasa ni dakika 20: kuunga na kusonga ugali.

Kufunga siku. Watoto wakilala, dakika kumi. Sare kwenye kiti, soksi ndani ya viatu, madaftari ndani ya begi, begi mlangoni, maji ya moto kwenye chupa kubwa ya chai kwa ajili ya kunawa alfajiri. Halafu mstari mmoja kwenye kijidaftari kilekile: kesho nani ananihitaji, kwa nini. Mfano: "Wa kati, jino. Kumpigia mwalimu saa 4." Mstari wa pili hauruhusiwi. Simu ni mpaka saa 4, kisha inalala sebuleni kwenye chaji.

## Dada hakuwepo kikaoni

Wiki ya pili nyumba ilianza kusuasua. Maji ya kuoga yalikuwa hayajapashwa saa 10:30, chai haikuwa kwenye chupa. Mama T. aliona ni uvivu. Alipoulizwa kwa upole, dada alijibu akiwa ameinama anaosha vyombo: "Mama, nyie mmepanga. Mimi mmenipangia tu."

Alikuwa na haki. Mpango ulikuwa umempunguzia mama dakika 40 na kumwongezea yeye kazi hiyohiyo, naye alikuwa ameamka saa 11 alfajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi saa 24 za mapumziko kila wiki, na mfanyakazi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Katika nyumba hii Jumapili ilikuwa siku ya kufua.

Kikao kilirudiwa, safari hii dada akiwa amekaa kwenye kiti, si amesimama mlangoni. Alichoomba kilikuwa kidogo kuliko walivyotarajia: saa 8 hadi saa 9:30 mchana, mdogo anapolala, asitumwe. Jumapili awe huru tangu Jumamosi jioni. Kufua kugawanywe Jumatano na Jumamosi asubuhi. Mshahara uliongezwa kidogo kwa ajili ya kuogesha. Pia alipendekeza jambo lililoboresha mpango: wakubwa waoge kwanza na mdogo mwisho, kwa sababu mdogo akishaoga anataka kubebwa. Kwa kuwa Jumapili hayupo, maharage hupikwa na mama na mtoto wa kwanza, ambaye anapenda kuhesabu dakika za presha.

## Baba anaporudi

Siku ambazo lori limepaki nyumbani, kila kitu kilikuwa kinaanguka. Pipi kabla ya chakula, televisheni mpaka saa 5, watoto wanakataa mkeka. Mama T. alitaka mume "aambiwe". Mshauri aliona hatari ya mpango kugeuka fimbo, akapendekeza apewe kazi badala ya masharti. Baba mwenyewe, alipohojiwa kwa simu akiwa amepaki Makambako, alisema neno zito: "Mimi kwangu ni mgeni. Mgeni haji mikono mitupu."

Alipewa mambo mawili. Akiwa safarini, hupiga saa 2:15 usiku akiwa ameshasimama, anaongea na kila mtoto kwa zamu. Simu inatoka kikapuni kwa mlio wake na inarudi. Akiwa nyumbani, yeye ndiye anayewapeleka watoto shuleni kwa miguu. Pipi zilibaki, ila baada ya chakula. Televisheni haikushughulikiwa, na mpaka sasa kuna jioni mbili tatu kwa mwezi ambazo hazina ratiba. Familia iliamua kuziacha hivyo.

## Wiki ya 12

Watoto wakubwa walikuwa wanalala saa 2:45 usiku na kuamka saa 11:45, yaani saa tisa, kiwango cha chini kinachoshauriwa kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12. Mwanzoni walikuwa wanapata saa nane na robo. Mama T. analala saa 4:30 hivi, siku nyingi. Kwenye siku ya mfano alama za M zilikuwa 11 na za A 15. Glasi ilipojaribiwa tena jioni moja ilipata punje sita, tatu kati yake za simu ya baba.

Yasiyobadilika: mazoezi hayakurudi. Alijaribu kushuka kituo kimoja kabla na kutembea, mvua ya Machi ikammaliza. Kitabu alichokusudia kusoma kiko ukurasa wa 38. Hesabu za darasa la nne hazikupanda, na mtoto ana upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, jambo linalomkosesha mama usingizi kuliko WhatsApp.

## Uchambuzi

Kosa kubwa la kisa hiki lilikuwa kuwa na ushahidi na kutoutumia. Daftari lilisema jioni, mpango ukasema alfajiri. Mshauri anayepima kwa wiki nzima kisha akafuata ushauri wa jumla angeokoa muda kwa kutopima. Alfajiri inaweza kumfaa mzazi ambaye watoto wamekua na analala saa 3. Kwa mwenye mtoto wa miaka miwili pembeni yake, kwenye baridi ya Mbeya, muda huo ni wa mtoto.

Ukiangalia kilichorudisha dakika, nyingi zilitoka kwa kuhamisha na kuondoa: kuoga kukahama, maharage yakahama, meseji zikazuiwa. Mkeka ulipata nafasi kwa sababu hiyo. Ungewekwa kwanza, kabla ya kuhamisha maji, ungekuwa kipengele cha 15. Mpangilio huu wa kuondoa kabla ya kuongeza ndio tungeurudia bila kubadili chochote.

Muda wa kuzoea nao uelezwe mapema. Phillippa Lally na wenzake huko London walifuatilia watu 96 katika utafiti uliochapishwa 2010. Kwa wastani tabia ilichukua siku 66 mpaka ikajiendea, lakini kati ya mtu na mtu ilitofautiana kutoka siku 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Mama T. aliambiwa hivyo baada ya mpango wa kwanza kufa. Angeambiwa kabla, siku aliyokosa kuamka isingekuwa msiba. Katika nyumba yake kikapu kilijiendea ndani ya wiki nne. Kufunga siku, hata wiki ya 12, bado kulihitaji kukumbushwa na begi lililokaa vibaya.

Wiki ya kufunga hesabu za mwezi ilishindwa mara mbili kabla ya kupata utaratibu wake. Sasa siku hizo nne zinazungushiwa kalamu nyekundu kwenye kalenda, watoto wanaambiwa Jumapili kabla, na tabia zote zinasimama isipokuwa mkeka wa dakika tano. Mpango usio na toleo la siku mbaya huvunjwa na siku mbaya ya kwanza.

Liko pia swali ambalo kisa hiki kililikwepa. Sheria ileile ya 2004 inaweka kikomo cha kawaida cha saa 45 kwa wiki na tisa kwa siku, na kujibu meneja saa 2 usiku ni kazi. Mama T. aliamua asiligusie ofisini zaidi ya ujumbe ule. Uamuzi ni wake, lakini usichukuliwe kama kielelezo. Mwenye meneja asiyeelewa hataokolewa na kikapu.

Glasi ya maharage ilisaidia kwa sababu ilikuwa ya jioni tatu. Mtoto akifanywa mlinzi wa mzazi kwa wiki nyingi, anajifunza kuhesabu makosa na mzazi anajifunza kujificha chooni na simu. Tunashauri jioni tatu, na mzazi mwenyewe ndiye atangaze mwisho wake.

## Julai

Ufuatiliaji ulifanyika baridi ilipokolea. Saa 10:30 jioni upepo tayari ni mkali, na mdogo alikuwa amekohoa wiki mbili. Kuoga mwili mzima kukawa siku moja ndiyo, moja hapana, mchana kwa wadogo. Siku isiyo ya kuoga ni uso, kwapa na miguu kwa beseni, mlango umefungwa. Mtoto wa kwanza, anayerudi kutoka tuisheni saa 11, huoga Jumatano na mwisho wa wiki, na ameridhika kupita kiasi.

Baba alikuwepo nyumbani wiki hiyo. Jioni ya pili, bila kutumwa na mtu, mtoto wa kwanza alitoa glasi kabatini akaiweka karibu na kiti cha baba. Kufikia saa 3 ilikuwa na punje 19. Baba aliuliza ni za nini, akaelezwa, akacheka, kisha akaenda kutafuta msumari wa pili wa kupigilia nyuma ya mlango.